Nina dakika 11 tu msimu huu: nibaki benchi Dar au nikubali mkopo wa Championship?

Straika wa Tandika ameandika:

Shikamooni wakubwa, na rika langu habari za usiku. Huwa nasoma tu. Leo nimeamua kuandika kwa sababu usingizi umekataa na kesho saa moja asubuhi natakiwa mazoezini.

Mimi ni namba tisa, mshambuliaji wa kati, nina miaka 19, Machi natimiza 20. Nimezaliwa Tandika, mpira nimeucheza Mabatini na Mwembe Yanga tangu nikiwa peku. Julai nilipandishwa kutoka timu ya vijana chini ya miaka 20 kwenda kikosi cha wakubwa, timu ya Ligi Kuu ya hapa hapa Dar. Jina la timu naliacha, nina mkataba wao wa miaka miwili na sina ugomvi nao. Mama yangu anakaanga mihogo karibu na soko la Tandika. Siku niliyosaini alizima jiko saa kumi jioni, saa ambayo wateja ndio kwanza wanaanza kujaa, akasema leo wakale kwa wengine.

Sasa ni Novemba na nimecheza mechi mbili. Ya kwanza niliingia dakika ya 86, zikaongezwa tatu. Ya pili niliingia ya 90, zikaongezwa nne. Jumla dakika 11. Mechi nyingine nne nilikaa benchi mpaka filimbi ya mwisho, zilizobaki nilikuwa jukwaani na traksuti ya timu.

Anayetaka kujua maisha yangu aje mazoezini Jumanne. Jumanne ndiyo siku timu inagawanywa. Mtunza vifaa anapita na mfuko wa vizibao, anatoa kimoja kimoja anamrushia mtu kifuani. Vya njano ni wale watakaocheza wikiendi. Vya bluu ni sisi, kazi yetu kucheza kama wapinzani wajao wanavyocheza ili wenzetu wajiandae. Nimeshajua kuusoma mkono wake: akiuingiza upande wa kushoto wa mfuko, ni bluu. Tangu Agosti sijavaa njano hata Jumanne moja. Nikifika nyumbani mdogo wangu wa kike alikuwa ananiuliza, "Rangi gani leo?" Wiki mbili hizi ameacha kuuliza.

Mbele yangu wapo wawili. Mmoja ni mgeni, ana nguvu, mpira ukimfika kifuani hautoki. Mwingine ni kaka yetu mzawa wa miaka 31, mbio hana tena, lakini mpira ukianguka ndani ya boksi yeye ameshafika. Wote wananisaidia. Huyu kaka ndiye aliyenipa njumu zake za akiba nilipokuwa navaa za mtumba za Karume zilizoachia soli. Kwa hiyo siwezi kusema nabaniwa. Wananizidi. Kinachoniuma ni kwamba sioni nitawazidi lini kama sichezi.

Kuna kitu kingine. Ile mechi niliyoingia dakika ya 86 tulikuwa hatujafungana. Dakika ya pili ya nyongeza winga wetu alipenya kulia, akapiga krosi ya chini, ngumu, ikapita kati ya kipa na mabeki. Mimi nilikuwa nguzo ya pili, nimeshaufungua mguu wa kulia, nausubiri. Beki akatanguliza kidole cha mguu, ikawa kona. Kwenye basi kocha msaidizi alikuja kukaa pembeni yangu. Hakufoka. Akasema, "Ule ulikuwa mpira wako. Uliusubiri." Hajarudia tena mpaka leo, ila mimi nauona kila nikifumba macho.

Wiki iliyopita meneja wa timu aliniita. Kuna timu ya Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, iko mkoani, inanitaka kwa mkopo dirisha dogo la usajili likifunguliwa, mpaka mwisho wa msimu. Kocha wao aliniona kwenye ligi ya vijana mwaka jana. Klabu yangu haijanilazimisha, wamesema nifikirie.

Nimechukua daftari nikaandika wafungaji bora wa Ligi Kuu kuanzia 2018/19 hadi 2024/25. Kagere mara mbili, magoli 23 halafu 22. Bocco 16. George Mpole 17. Mayele na Saido Ntibazonkiza walilingana, 17 kila mmoja. Aziz Ki 21. Ahoua 16. Misimu saba, Watanzania wawili tu, Bocco na Mpole. Na Mpole hakuwa Simba wala Yanga, alikuwa Geita Gold, tena msimu ambao Geita ndiyo kwanza imepanda daraja. Klabu inaruhusiwa wageni 12, na ikitoa hela kuleta mgeni, mara nyingi inaanza na mfungaji. Silalamiki, wageni wametufundisha mengi. Nataka kujua mtoto wa hapa anapita mlango upi.

Nikibaki, nipo Dar, nafanya mazoezi na watu bora, posho ya ushindi naipata hata nikiwa benchi na mama namwona kila siku. Nikienda nacheza, ila naogopa kusahaulika. Mikoani hakuna kamera nyingi. Nimeona vijana walioenda kwa mkopo na jina lao halikutajwa tena.

Waliopita huku, au mnaowafahamu waliopita, naombeni mniambie ukweli.

---

Mzunguko Daima amejibu:

Dogo, usiondoke. Mimi nakaa viti vya mzunguko pale Uwanja wa Mkapa karibu kila mechi kubwa na nimewaona vijana wengi wakija na kupotea, na wengi walipotea walipotoka Dar.

Mfano upo wazi, Clement Mzize. Yanga wamempandisha kutoka vijana mwaka 2022, na mbele yake yuko Mayele, Mayele yule wa kushangilia kwa kutetema, msimu aliomaliza mfungaji bora na timu ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Dogo alikuwa anaingia mwishoni mwishoni. Mayele akaondoka 2023, watu tukasema sasa zamu yake, klabu ikaleta wageni wengine. Akabaki. Walikuja, walikwenda, yeye yupo. Msimu wa 2024/25 akamaliza na magoli 14 ya ligi. Angekata tamaa na zile dakika tano tano, leo tungekuwa tunamzungumzia?

Na huyo kaka yenu wa miaka 31 hachezi milele. Msimu ujao nafasi moja inafunguka. Uwepo pale inapofunguka.

---

Namba Tisa Mstaafu amejibu:

Marahaba mdogo wangu. Nimesoma ulichoandika mara mbili, na mara zote mbili nimesimama kwenye ile krosi. Kabla ya kubaki na kwenda, tuiongelee hiyo, kwa sababu utaibeba popote utakapokwenda.

Nilicheza namba tisa hapa mjini, nikafika Ligi Kuu, magoti yakanitoa nikiwa na miaka 27. Sasa nafundisha watoto Kigogo jioni, mchana nauza vipuri vya pikipiki. Najua kabisa ulichokifanya dakika ile. Ulikuwa unautazama mpira. Kila straika kijana anautazama mpira, kwa sababu mpira ndio anaoupenda. Straika aliyekomaa anautazama mpira, anamtazama beki, anaurudia mpira. Huyo kaka yenu asiye na mbio, Jumanne ijayo usimtazame miguu, mtazame shingo. Utaona inageuka kabla winga hajainua kichwa.

Beki hawezi kukuona wewe na mpira kwa pamoja. Kwa hiyo simama nyuma ya bega lake, upande ambao akitaka kukuona lazima ageuke. Winga anapopenya, piga hatua mbili kama unakwenda nguzo ya pili. Beki anayejua kazi atahamishia uzito wake huko. Hapo hapo kata mbele yake, nguzo ya kwanza. Hatua tatu fupi, si kukimbia. Ukifika kabla yake hata kwa nusu kiatu, huna haja ya shuti, unaugusa tu ukabadilisha njia. Ukifika baada yake, umefanya ulichofanya: umempa kona mwenzako na wewe umebaki na mguu hewani. Nguzo ya pili ni pazuri, magoli yapo, lakini huko unakula kilichosazwa na watu watatu waliotangulia.

Muombe beki wa pembeni mmoja wa vijana abaki na wewe baada ya mazoezi. Krosi 20 za chini, basi. Usipige 60 kujionyesha una bidii. Ikifika ya 40 miguu imekufa na unaanza kuufundisha mwili kuchelewa. Weka na mtu mmoja awe beki, hata mtunza vifaa. Koni haikufundishi, koni haigeuzi shingo.

Sasa kwenye daftari lako. Umehesabu Watanzania na wageni, hesabu na kitu kingine. Saido, Aziz Ki, Ahoua, hao si namba tisa, ni viungo washambuliaji. Misimu mitatu ya mwisho uliyoandika, kila msimu jina la kiungo lipo juu. Maana yake namba tisa wa leo anatakiwa afungue njia kwa wenzake, awavute mabeki watoke, na mpira ukipotea awe wa kwanza kumkimbilia beki wao anayeanzisha. Kocha akikuangalia umevaa kizibao cha bluu, haangalii magoli yako, mazoezini kila mtu anafunga. Anaangalia zile sekunde tano baada ya nyinyi kupoteza mpira. Wewe huwa unafanya nini hapo? Jijibu mwenyewe.

Kuhusu mkopo. Nikiwa na miaka 20 timu moja ya mkoani ilinitaka. Nilikataa. Sababu zangu zilikuwa hizi hizi zako: mazoezi mazuri, mama, Dar. Na moja ambayo hukuiandika, labda wewe huna, mimi nilikuwa nayo. Niliona aibu mtaani watasema nimeshushwa. Nikabaki misimu miwili. Nilikuwa fundi wa mazoezi. Kila mtu alikuwa ananisifu Alhamisi. Siku nilipopewa dakika 90, kwa sababu wakubwa wawili walikuwa wameumia, dakika ya 55 mapafu yakagoma na kichwa kikagoma. Sikuwa mvivu, nilikuwa nakimbia kila asubuhi ufukweni Coco. Lakini kukimbia na kucheza dakika 90 huku mtu amekushika jezi, ana hasira, na watu wanakuzomea, ni vitu viwili. Msimu ulipoisha nikaachwa. Timu ile ya mkoani ilikuwa na straika mwingine tayari.

Bwana Mzunguko ametoa mfano wa kweli, na yule kijana kazi yake inaonekana. Ila alikuwa anaingia mara kwa mara, na dakika tano tano za kila wiki si sawa na 11 za miezi mitatu. Na tazama njia ya Mbwana Samatta. Mtoto wa Mbagala, alianzia African Lyon, ile iliyokuwa Mbagala Market, ndipo akaenda Simba. TP Mazembe ya Kongo walimwona Simba ilipokutana nao 2011, akiwa na miaka 18, na aliwafunga. Walimwona uwanjani, hawakumwona benchi. Na huko Lubumbashi hakuwa mfalme kwa siku moja, Ligi ya Mabingwa Afrika aliyomaliza na magoli 7 ilikuwa 2015. Kwenda Genk ya Ubelgiji ni Januari 2016.

Mimi ningekwenda. Lakini kaulize kwanza kwa mdomo wako. Mwombe kocha mkuu dakika tano, umwulize kuanzia Januari ana mpango gani na wewe. Usimwombe nafasi, mwulize mpango. Halafu mpigie kocha wa hiyo timu ya mkoani umwulize anataka kukutumia wapi. Akikwambia winga, namba saba au kumi na moja, kwa sababu una mbio, kaa Dar.

---

Mama Wawili, Yombo amejibu:

Mwanangu, mimi mpira naujua kwa kufua jezi tu, lakini nina kijana aliyekwenda mkoani kucheza, kwa hiyo nisikilize.

Alikwenda akiwa na miaka 21. Kila nikipiga simu, "Mama niko salama, tunakula vizuri." Mshahara haukuja miezi mitatu. Alikuwa anakula mlo mmoja, ugali na dagaa, na jioni anafanya mazoezi. Nilijua aliporudi, nikamwona mabega. Alinificha kwa sababu alitaka nijivunie.

Usimfiche mama yako. Mwambie sasa hivi, kabla hujaamua, mkae naye jikoni pale kwenye mihogo yake umweleze kama ulivyotueleza sisi. Mama anayezima jiko saa kumi siku mwanae anasaini, huyo anaweza kubeba habari nzito. Na ukienda, mwezi wa kwanza usitume hela nyumbani. Kula wewe kwanza, mayai, maharage, matunda. Utatuma ukishasimama.

Na huyo mdogo wako, mwambie rangi hata kama hajauliza.

---

Kalamu na Mhuri amejibu:

Nafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili Posta, na mikataba ya wachezaji inapita mezani kwangu. Sitakwambia ubaki au uende. Ila kabla ya kusaini chochote jua haya.

Kanuni za FIFA zinaruhusu mchezaji kusajiliwa klabu tatu katika msimu mmoja, lakini mechi rasmi anacheza kwa mbili tu. Wewe umeshacheza dakika 11 kwa klabu yako. Hiyo ni klabu ya kwanza. Ukienda kwa mkopo na ukacheza, ya pili imetimia. Mambo yakiharibika huko huwezi kwenda ya tatu ukacheza msimu huo huo. Kwa hiyo mkopo huu ni tiketi moja, chagua kwa makini.

Mkataba wa mkopo uandikwe nani anakulipa mshahara, wote au nusu kwa nusu, nani anagharamia matibabu ukiumia, na unalala wapi. "Tutaona" haina kifungu. Na mkataba wako na klabu yako ni wa miaka miwili, hakikisha mkopo hauna karatasi ya pembeni inayourefusha bila wewe kujua. Soma kila ukurasa kabla ya kuweka sahihi na uombe nakala yako siku hiyo hiyo, si "utaipata kesho".

Mshahara ukicheleweshwa isivyo halali miezi miwili, kanuni hizo hizo zinakupa haki ya kuwaandikia, ukiwapa angalau siku 15 walipe, wasipolipa una sababu halali ya kuvunja mkataba. Andika barua, usilalamike kwa simu. Kijana wa Mama Wawili hapo juu angeambiwa hili mapema asingefika mwezi wa tatu.

Jingine dogo. Tunza majina na miaka ya vituo vyote ulivyochezea tangu ukiwa na miaka 12, pamoja na kile cha mtaani kama kilikuwa kimesajiliwa. Siku ukinunuliwa na klabu ya nje, asilimia 5 ya ada inagawiwa kwa klabu zilizokulea kuanzia miaka 12 hadi 23. Waliokufundisha Mwembe Yanga wanaweza kupata mpira mpya kwa sababu wewe ulihifadhi kumbukumbu.

---

Straika wa Tandika ameandika:

Nimechelewa kurudi, samahanini. Nilitaka nirudi na kitu.

Kwanza krosi. Nilimwomba beki wa kulia wa vijana, akakubali, na mtunza vifaa mwenyewe ndiye aliyejitolea kuwa beki. Ni mtu mzima, ana miaka karibu 50, lakini alicheza zamani na anajua kushika jezi. Krosi 20 kila siku, wiki tatu. Siku za mwanzo nilifika wa kwanza mara nne kati ya 20, na yule ni mzee! Nikaelewa nilikuwa nakata mbele mapema mno, kabla hajahamisha uzito. Nilipoanza kumtazama yeye badala ya mpira, nikawa nafika mara 11, 12.

Na nilimtazama kaka yetu shingo. Ni kweli. Inageuka mara mbili. Nimecheza naye miezi mitano sijawahi kuiona. Nilipomwambia alicheka, akanishika kichwa, akasema, "Umechelewa lakini umefika."

Jumanne iliyofuata, bluu dhidi ya njano, krosi ilikuja kutoka kushoto. Nilimwona beki wetu wa kati, wa timu ya taifa yule, akisogeza mguu wa nje. Nikakata. Mpira ulinigusa juu ya kifundo, ukaingia. Halikuwa goli zuri. Kocha msaidizi hakusema kitu, alinyoosha kidole gumba mara moja akaendelea kuandika. Niliporudi nyumbani nilimwambia mdogo wangu, "Bluu, lakini nimefunga." Akaruka.

Halafu nikamwomba kocha mkuu dakika tano. Nilitetemeka. Nilimwuliza kama Namba Tisa alivyosema, mpango wake na mimi kuanzia Januari. Alikaa kimya kidogo, akaniambia ukweli, na mimi namheshimu kwa hilo. Alisema dirisha dogo wanaleta mshambuliaji mwingine, na mimi nitakuwa wa nne. Alisema ameona ninavyokimbiza mabeki mpira ukipotea, kwamba mwezi wa nane sikuwa nafanya hivyo. Akasema, "Kacheze. Mwezi wa sita nataka nikuone umecheza mechi 12 au zaidi, na nitakuja mwenyewe kutazama moja." Sikumwomba aandike. Nimeishika tu.

Kocha wa mkoani nilimpigia. Namba tisa, akasema bila kufikiri. Mshahara unalipwa nusu na klabu yangu, nusu na wao, umeandikwa, na matibabu yameandikwa. Kalamu na Mhuri, Mungu akubariki, kulikuwa na ukurasa unaorefusha mkataba wangu mwaka mmoja. Niliuliza, wakasema ni kawaida, nikasema naomba utolewe. Umetolewa. Bila wewe ningesaini.

Mama nilimweleza jikoni, usiku, amekaa kwenye kigoda anamenya mihogo ya kesho. Hakuacha kumenya. Alipomaliza beseni lile akauliza kitu kimoja tu, "Huko kuna mbu?" Kesho yake nikakuta chandarua kipya juu ya begi langu.

Naondoka Alhamisi, basi la saa kumi na mbili asubuhi, Stendi ya Magufuli. Mzunguko Daima, najua ulitaka nibaki, na nimekusoma vizuri. Ukinisahau sitakulaumu, ila ukiweza nitafute Mei.

Namba Tisa, la mwisho. Nimeambiwa uwanja wa kule ni mgumu, majani sehemu sehemu, katikati vumbi. Nina pea mbili: za kaka, zina meno sita ya chuma, na nyingine za plastiki nilizonunua. Niende na zipi?

---

Namba Tisa Mstaafu amejibu:

Plastiki. Meno mafupi, mengi. Chuma kwenye uwanja mgumu hakishiki, kinakusimamisha juu ya ncha, na mzigo wote unaingia kwenye goti. Mimi yangu yalianza hivyo hivyo. Za kaka zibebe pia, mvua za masika zikianza zitakufaa.

Kabla ya mechi ya kwanza fika mapema, tembea ndani ya boksi zote mbili kwa miguu yako. Tafuta pale vumbi lilipo jingi mbele ya nguzo ya kwanza, ujue mpira ukidunda hapo unapanda au unatambaa.

Na ukifika tuambie umefika.